Ini na Wageni Wake: Tarikhi ya Chembe Ndogo katika Tiba ya Saratani

Imekuwa desturi ya waandishi wa zama hizi, kila wanapotaja ufundi wa kuipiga picha saratani na kuitibu kwa chembe zisizoonekana kwa macho, kuuhesabu ufundi huo kuwa ni mtoto wa juzi. Na aghalabu humtaja Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani, ambaye tarehe 29 Desemba 1959 aliwahutubia wenzake katika mji wa Pasadena juu ya mambo makubwa yawezayo kufanywa kwa vitu vidogo. Hotuba ile ilijaa akili. Lakini siku ilipotolewa, dhahabu ya chembe ndogo ilikuwa imekwisha kutiwa katika miili ya wagonjwa wa saratani kwa zaidi ya miaka kumi, na chembe za madini nyingine, zilizotiwa katika mishipa ya watu kwa nia njema, zilikuwa zimekwisha kuanza kuwaua. Ufundi huu una umri mkubwa kuliko jina lake, na anayetaka kuufahamu hana budi kurudi nyuma.

Chembe tunazozisema ni za upana wa baina ya nanomita 1 na 100 hivi, wakati mwingine zaidi kidogo, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni. Hata seli nyekundu ya damu, ambayo haionekani ila kwa hadubini, huizidi chembe ya nanomita 100 kwa upana mara 70. Kwa udogo wake chembe ya namna hii husafiri na damu mpaka katika vishipa vyembamba kabisa bila ya kuviziba, na juu ya udogo huo ina nafasi ya kuchukua mzigo wa dawa, au wa mionzi, au wa madini ya kuvutwa na sumaku. Lakini mwili haukuachwa wazi. Damu hupita katika ini, kama majahazi yalivyolazimika kupita forodhani kabla ya shehena kuteremshwa mjini, na humo wamo walinzi ambao kazi yao ni kukamata kila kigeni. Rai yetu katika makala haya ni kwamba tarikhi nzima ya ufundi huu ni tarikhi ya matabibu na ini: kwanza walipata hasara kwa kutolijua, kisha wakapata faida kwa kulitumia, kisha wakataka kulipita kwa hila, na mwisho wakalazimika kukaa na kufanya hesabu nalo.

Mwanzo wa habari uko London, katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution, ambako Michael Faraday, aliyekuwa amekwisha kupata sifa duniani kwa utafiti wake wa umeme na sumaku, alishughulika mwaka 1856 na jambo lililoonekana kuwa la anasa, yaani rangi za dhahabu. Alichukua maji yaliyoyeyusha kloridi ya dhahabu, ambayo rangi yake ni manjano hafifu, akayatia fosforasi iliyoyeyushwa katika kimiminiko kingine, na maji yale yakageuka kuwa mekundu ya yakuti. Alipopitisha ndani yake mwali wa mwanga uliokusanywa kwa lenzi, njia ya mwali ikaonekana dhahiri kutoka upande huu hata upande wa pili, jambo lisilotokea katika maji yaliyoyeyusha kitu barabara. Akakata shauri kwamba dhahabu ile haikuyeyuka, bali imegawanyika vipande vidogo mno vinavyoelea. Akatia chumvi, na wekundu ukawa buluu. Mambo haya aliyasoma mbele ya Royal Society mwezi wa Februari 1857, na msomaji aliweke moyoni hili la chumvi, kwa maana damu ya mwanadamu nayo ina chumvi, na chembe tupu isiyovikwa kitu haipati salama ndani yake. Hushikamana na wenziwe, na safari yake hukoma.

Aliyelifuata jambo hili kwa mizani alikuwa Richard Zsigmondy, mzaliwa wa Vienna, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alipima ni kiasi gani cha jelatini, na cha vitu vingine vya jamii hiyo, kinachotosha kuikinga dhahabu nyekundu isigeuke buluu inapochanganywa na chumvi. Na mwaka 1903, pamoja na Henry Siedentopf wa Jena, alitoa habari za hadubini iliyomulika chembe kutoka ubavuni, hata kila moja ikaonekana kuwa nukta ya nuru katika giza. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925. Hivyo elimu mbili zikawa tayari kabla tabibu hajazihitaji: ya kutengeneza chembe, na ya kuivika nguo.

Elimu ya tatu, iliyo nzito kuliko hizo, ilikuwa ya mwili wenyewe. Mwaka 1882, Messina katika kisiwa cha Sisilia, Ilya Metchnikoff, mwanaelimu wa viumbe kutoka Urusi, alichoma miiba ya waridi katika miili ya mabuu ya kiti cha pweza, ambayo ni mangavu hata ya ndani huonekana, na kulipokucha akakuta seli zimekwisha kuizunguka ile miiba pande zote kutaka kuila. Akafundisha kwamba mwili una seli walaji, ambazo hummeza adui na kumsaga. Katika zama hizo hizo Paul Ehrlich, tabibu Mjerumani, alikuwa akiota ndoto ya namna nyingine: dawa itakayoitambua shabaha yake yenyewe, ikampiga adui na kuuacha mwili, mfano wa risasi ya uchawi isiyokosea. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1908 waligawana watu hawa wawili, na aliyeipanga hakukusudia fumbo, lakini fumbo limo: mmoja aliwaahidi walimwengu risasi, na mwenziwe alikuwa amekwisha kuwaonyesha ni nani atakayeimeza risasi hiyo njiani. Baadaye Ludwig Aschoff wa Freiburg alizikusanya seli walaji za ini, wengu, uboho na tezi za limfu akazihesabu kuwa jamaa moja. Na zile za ini, zilizokaa juu ya kuta za vishipa vyake ambapo damu hupita taratibu, zinaitwa hata leo kwa jina la Karl Wilhelm von Kupffer, aliyezichungua katika karne ya 19.

Maarifa haya yote yalikuwa vitabuni wakati dawa iitwayo Thorotrast ilipotolewa Ujerumani, ikaenea duniani katika miaka ya 1930. Ilikuwa ni chembe za oksidi ya thoriamu, za nanomita chache tu, zilizovikwa dekstrini, ambayo ni jamii ya wanga, ili zisishikamane. Na kwa kuwa thoriamu ni nzito na huzuia eksirei, mishipa iliyotiwa Thorotrast ilionekana katika picha kwa uzuri ambao haujapata kuonekana. Egas Moniz wa Lisbon, aliyekuwa wa kwanza kupiga picha mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai, aliitumia kwa kazi hiyo; na wengine waliitumia kupiga picha ini na wengu, kwa sababu seli walaji ziliimeza hata kiungo kizima kikawa cheupe katika picha, ila pale palipokuwa na uvimbe wa saratani, ambao hauna seli hizo, pakabaki pengo. Hizo ni miongoni mwa picha za kwanza za saratani kupigwa kwa chembe za nano, na akili yake ilikuwa sahihi.

Kosa lilikuwa katika yaliyofuata baada ya picha. Thoriamu hutoa mionzi, na nguvu ya mionzi hiyo haipungui kwa nusu ila baada ya miaka bilioni 14. Na seli za ini zilizokwisha kumeza chembe za madini yasiyosagika hazina mahali pa kuzipeleka. Mgonjwa aliyepigwa picha akiwa kijana alibaki na mionzi ndani ya ini lake kwa aushi yake yote. Wako walioonya mapema, lakini picha zilikuwa nzuri na waliotibiwa walikuwa wakiondoka hospitalini wakiwa wazima, na madhara yalichukua miaka 20 na 30 kudhihiri. Mwaka 1947 ilichapishwa habari ya mgonjwa aliyepata saratani ya kuta za mishipa ya ini, maradhi ambayo kwa kawaida ni nadra kabisa, baada ya kutiwa Thorotrast. Nyingine zikafuata, na wataalamu wa Ujerumani, Ureno, Denmark na Japani wakawafuatilia waliotiwa dawa hiyo kwa miongo mingi, wakihesabu saratani za ini na za damu. Chombo kilichotengenezwa ili kuionyesha saratani kilikuwa kikiizalisha. Fundisho lililobaki, ambalo kila mtengenezaji wa chembe sharti alijibu hata leo, ni kwamba haitoshi kujua chembe itafika wapi. Lazima ijulikane itatoka lini.

Walioijibu hoja hii kwanza walirudi kwa dhahabu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, tanuri za atomiki za Marekani zilianza kutoa dhahabu yenye mionzi, dhahabu 198, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila siku 2.7, yaani mwezi ukiisha haina la kumdhuru mtu. Na Paul Hahn na wenzake huko Nashville wakaifanya kuwa chembe ndogo na kuijaribu kwa wagonjwa. Ilitiwa ndani ya kifua au tumbo la wale ambao saratani imewajaza maji, ili mionzi yake iunguze seli zilizotapakaa mahali ambapo kisu cha mpasuaji hakiwezi kufika. Na ilitiwa katika mshipa ili kuchora sura ya ini, kwa kuwa seli za Kupffer hazikuibagua dhahabu na thoriamu. Katika miaka ya 1950 vyombo vya kuipokea mionzi nje ya mwili vilitengenezwa, kwanza kile cha Benedict Cassen wa Los Angeles kilichopita juu ya mgonjwa mstari kwa mstari, kisha kamera ya Hal Anger wa Berkeley iliyotazama kiungo kizima kwa mara moja. Na mwaka 1964 Paul Harper na wenzake wa Chicago wakatoa habari za kolloidi, yaani chembe zinazoelea katika maji, ya teknesiamu yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua nusu kwa muda wa saa 6 tu.

Anayetaka kuona jinsi adui wa jana alivyofanywa mtumishi, na atazame kipimo hicho kinavyokwenda. Mgonjwa hulazwa, hudungwa sindano moja katika mkono, na baada ya dakika 10 au 15 zaidi ya sehemu 80 katika 100 za chembe zimekwisha kukamatwa na ini, nyingine na wengu, na mabaki na uboho. Kamera huchora ini lote kwa nukta, na daktari hatafuti palipong’aa, bali hutafuta pasipong’aa: palipo na shimo, huenda pana uvimbe. Walinzi wale wale ambao Ehrlich angewaogopa ndio wanaopiga picha, na saratani hujulikana kwa kukosa walinzi. Kwa miaka mingi, kabla ya mashine za kompyuta za eksirei kuenea, hii ilikuwa njia kuu ya kutazama saratani iliyohamia katika ini.

Akili hiyo hiyo ilivaa nguo mpya ilipokuja mashine ya sumaku, MRI. Chembe za oksidi ya chuma zilizovikwa dekstrani, ambayo ni aina ya sukari, huleta giza mahali zinapokusanyika katika picha ya sumaku; basi ini zima huwa jeusi na uvimbe hubaki mweupe. Chuma kina fadhila ambayo thoriamu haikuwa nayo, kwamba mwili unakijua, na seli zikikwisha kukisaga hukitia katika hazina ya kutengenezea damu. Dawa ya kwanza ya aina hii kwa ajili ya ini, Feridex, ilipewa idhini Marekani mwaka 1996. Kisha wakatengeneza chembe ndogo zaidi, za nanomita 30 hivi, ambazo hukawia kukamatwa na ini na kuingia katika tezi za limfu, na mwaka 2003 Mukesh Harisinghani na wenzake, wa Boston na wa Nijmegen katika Uholanzi, wakachapisha matokeo ya wanaume 80 wenye saratani ya tezi dume. Tezi ya limfu iliyo nzima ilimeza chuma ikawa nyeusi, na iliyoingiliwa na saratani ikabaki nyeupe, hata kama ilikuwa ndogo isiyoshukiwa kwa ukubwa wake. Kwa njia hii walizitambua tezi zilizougua kwa kiasi cha sehemu 90.5 katika 100, ambapo picha ya kawaida ilizitambua sehemu 35.4 tu. Ungedhani njia kama hiyo ingeenea kila mahali. Lakini wakuu wa madawa wa Marekani na wa Ulaya hawakuridhika na ushahidi ulioletwa, idhini haikupatikana, na Feridex nayo iliacha kutengenezwa mwaka 2008. Ikabaki Nijmegen, kwa Jelle Barentsz na wenzake, kuiendeleza kazi ile ya tezi.

Mpaka hapa tumesema habari za picha. Tiba ilikuwa na mkasa wake, na mkasa huo ulianza kwa mafuta. Alec Bangham, mtafiti wa damu huko Babraham karibu na Cambridge, akizichungua fosfolipidi kwa hadubini ya elektroni mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliona kwamba mafuta hayo yakitiwa katika maji hujikunja yenyewe yakawa vifuko vyenye maji ndani yake, mfano mmoja na kuta za seli. Vikaitwa liposomu. Gregory Gregoriadis, Mgiriki aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema kwamba vifuko hivyo vyaweza kubeba dawa, na mwaka 1974 yeye na wenzake walieleza jinsi vilivyotumika kwa wagonjwa wa saratani. Lakini liposomu ilipoingia katika damu, ini liliipokea kama lilivyopokea dhahabu na thoriamu, na mzigo ukashushwa pasipo uvimbe.

Mzigo uliotakiwa kubebwa zaidi ya yote ulikuwa doksorubisini, dawa nyekundu itokanayo na kijidudu cha udongo wa Italia, kali kwa saratani na kali kwa moyo vile vile, hata ikawa kila mgonjwa ana kipimo cha maisha yake yote ambacho akikipita moyo huanza kulegea. Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon, katika Jerusalem, waliijaribu kwanza ndani ya liposomu za kawaida katika miaka ya 1980, wakaona aibu ile ile: dawa ilivuja, na kilichobaki kikaenda inini. Wakafanya mambo mawili. La kwanza, badala ya kuichanganya dawa na mafuta, walivijaza vifuko chumvi ya amonia, wakaiosha ile ya nje, na dawa ikavutika kuingia yenyewe ndani na kuganda humo, zaidi ya molekuli 10,000 katika kifuko kimoja kisichofika nanomita 100. La pili, pamoja na watengenezaji wa California, walikivika kifuko koti la poliethilini glikoli, nyuzi zinazovuta maji, ambazo huzizuia protini za damu zisikishike na kukitia alama ya kuliwa. Jelatini ya Zsigmondy ilikuwa imerudi kwa sura nyingine. Mwaka 1994 Gabizon alionyesha kwamba dawa iliyovikwa hivyo hukaa katika damu ya mgonjwa kwa siku kadhaa, ambapo dawa tupu hutoweka humo kwa dakika chache. Na mwezi wa Novemba 1995 Marekani ikaipa idhini kwa jina la Doxil, ikawa ya kwanza katika ukoo wake.

Yaliyowatia moyo wote hawa yalitoka Japani. Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, wa Chuo Kikuu cha Kumamoto, walieleza kwamba uvimbe wa saratani, kwa kuwa hukua kwa pupa, hujenga mishipa yenye nyufa, tena hauna mifereji mizuri ya kutoa kilichoingia. Basi kitu kikubwa kuliko dawa ya kawaida, kikiweza kukaa katika damu muda mrefu, kitapenya humo na kubaki. Kwa miaka 30 kauli hii ilikuwa nguzo ya ufundi wote.

Hapa habari inatugusa sisi wa Afrika ya Mashariki, na si kwa mbali. Maradhi ya kwanza ambayo Doxil iliruhusiwa kuyatibu ni sarkoma ya Kaposi kwa watu wenye UKIMWI, na sarkoma hiyo, ambayo Moritz Kaposi aliieleza Vienna mwaka 1872 kuwa ni kitu cha nadra, ilikuwa Uganda na mashariki ya Kongo miongoni mwa saratani zilizozoeleka kwa wanaume zamani kabla ya UKIMWI kujulikana. Kampala ilikuwa na mkutano wake juu ya maradhi hayo mwaka 1961. Na katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyofunguliwa Mulago mwaka 1967, matabibu kama Sebastian Kyalwazi na Charles Olweny walikuwa wakiyatibu na kuandika juu yake wakati ambao Ulaya yalionekana kwa wazee wachache tu. Pamoja na hayo, utafiti mkubwa uliotafuta dawa ifaayo kwa wagonjwa wa Kaposi ambao maradhi yao yamekomaa, uliofanywa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika ya Kusini na Brazil, na kuchapishwa mwaka 2020, haukuiweka Doxil katika mashindano, kwani bei yake iliiweka nje ya mikono ya hospitali hizo. Iliyoshinda ni paklitakseli ya kawaida, ikitolewa pamoja na dawa za UKIMWI. Na paklitakseli hiyo hiyo, ambayo haiyeyuki katika maji na kwa muda mrefu ilichanganywa na mafuta yanayowasha miili ya wagonjwa, ilikuwa imekwisha kuvikwa albumini ya damu Marekani, chembe za nanomita 130, ikaidhinishwa mwaka 2005 kwa jina la Abraxane, dripu ya saa tatu ikawa ya nusu saa. Elimu ilifika kwetu ikiwa imevuliwa nguo zake.

Wako waliosema: ikiwa njia ya damu ina walinzi wengi hivi, kwa nini tuipite? Tayari mwaka 1957 R. K. Gilchrist na wenzake wa Chicago walitia chembe za chuma katika tezi za limfu za mbwa na kuzipasha moto kwa sumaku inayogeuka-geuka. Andreas Jordan wa Berlin aliishika njia hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 2010 Ulaya iliruhusu chembe za chuma zitiwe kwa sindano ndani ya uvimbe wa ubongo, kisha zipashwe moto kwa sumaku pamoja na matibabu ya mionzi. Naomi Halas na Jennifer West wa Houston walitengeneza tufe la silika lililovikwa ganda jembamba la dhahabu, linalopata moto kwa mwanga mwekundu usioonekana, ambao hupenya nyama. Na mwaka 2019 zilichapishwa habari za wanaume 15 wenye saratani ya tezi dume waliotibiwa kwa njia hiyo New York. Mwaka huo huo Ulaya iliruhusu oksidi ya hafniamu, madini mazito yanayozidisha nguvu ya mionzi mahali yalipowekwa, idungwe ndani ya uvimbe wa nyama; katika majaribio yake, uvimbe ulikufa karibu wote kwa wagonjwa 16 katika 100, badala ya 8 waliopata mionzi peke yake. Njia hizi zina ukweli wake, lakini hazimfai ila yule ambaye uvimbe wake unaonekana na kufikika. Saratani iliyotapakaa huitafuti kwa sindano.

Kwa hiyo hesabu ilibidi ifanywe. Mwaka 2016 Stefan Wilhelm, Warren Chan na wenzao wa Toronto walizikusanya makala za miaka 10 zilizopita juu ya chembe zilizotiwa katika damu ya wanyama wenye saratani, wakauliza swali ambalo kila mfanya biashara huliuliza shehena ifikapo, yaani ni kiasi gani kimefika kwa mwenyewe. Jibu la wastani lilikuwa sehemu 0.7 katika 100. Zilizobaki zilikuwa kwa sehemu kubwa katika ini na wengu, hata zile zilizovikwa makoti. Mwaka 2020 kundi hilo hilo la Toronto likaigusa na nguzo ya Kumamoto: nyufa za mishipa ya uvimbe, walipozihesabu moja moja, zilikuwa chache mno, na hadi sehemu 97 katika 100 za chembe zilizoingia zilikuwa zimepitishwa na seli za mishipa zenyewe, kwa kazi yao, wala si kwa kuvuja. Baadhi ya waliosikia habari hizo walikasirika, wengine wakasema hesabu haikufanywa kwa haki; lakini hakuna aliyesema kwamba ini halikuchukua fungu lake.

Wakati huo huo wengine walikuwa wamekwisha kuitafuta njia ya kutokea. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba chembe zisizozidi nanomita 5.5 huchujwa na figo kwa haraka na kutoka katika mkojo. Na Ulrich Wiesner wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na Michelle Bradbury wa New York, walitengeneza chembe za silika zenye rangi ing’aayo, za nanomita 6 hadi 7, zikabandikwa aidini yenye mionzi, na mwaka 2014 wakatoa habari za wagonjwa 5 wa saratani ya ngozi waliopigwa picha kwazo, na jinsi zilivyotoka kwa figo. Kama mtu ataziweka chembe hizi kando ya Thorotrast, ataona umbali uliotembewa: zote mbili ni chembe za nanomita chache, zote mbili hubeba mionzi, zote mbili hutiwa katika mshipa ili kuionyesha saratani, tofauti ni kwamba moja ilitengenezwa na watu waliokuwa wakiwaza picha tu, na nyingine imetengenezwa na watu waliowaza siku ya kuondoka kabla ya siku ya kuwasili.

Basi anayesoma leo habari za chembe mpya iliyoiponya saratani katika panya, na habari hizo huja kila juma, asiishangilie wala asiidharau kabla ya kuuliza mambo matatu ambayo watu wa ufundi huu waliyajua kwa gharama ya maisha ya wengine: ni kiasi gani kilifika, kilichobaki kiko wapi, na kitatoka lini. Na sisi tulio mbali na viwanda vyake tuna haki ya kuongeza la nne, ambalo wagonjwa wa Mulago walikuwa wakilingojea jibu lake tangu mwaka 1995: ikiwa itafaa, ni nani atakayeweza kuinunua. Saratani ya Kaposi ilijulikana kwetu kabla ya wengi. Haikustahili dawa yake iwe mgeni wa mwisho kufika.